Muuaji anajulikana, kinachotafutwa ni sababu

Januari 7, 2022, kabla ya kutamka adhabu, Jaji Timothy Walmsley aliwaambia waliokuwa ndani ya mahakama ya Kaunti ya Glynn, mjini Brunswick, jimbo la Georgia, kwamba atakaa kimya dakika moja. Akanyamaza kweli. Kesi ilikuwa ikirushwa mubashara na huku kwetu usiku ulishaingia. Nilikuwa nimejilaza Tegeta na simu mkononi, nikadhani bando limekata. Nikaigonga simu. Nikaangalia kama intaneti ipo. Ipo. Jaji naye yupo, hasemi.

Alipofungua kinywa alieleza kwamba Ahmaud Arbery alikimbizwa kama dakika tano kabla ya kuuawa, na ile dakika ambayo sisi tuliiona haiishi ilikuwa kipande tu cha muda huo.

Ahmaud alikuwa na miaka 25. Jumapili ya Februari 23, 2020, mchana, alikuwa anakimbia katika mtaa wa Satilla Shores, nje kidogo ya Brunswick. Hakuwa na begi, hakuwa na simu, hakuwa na silaha. Wazungu watatu wakamfuata kwa pikapu mbili. Gregory McMichael alikuwa askari polisi wa zamani, aliyewahi pia kuwa mpelelezi katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa eneo hilo. Mwanawe, Travis, ndiye aliyekuwa na bunduki aina ya shotgani. Jirani yao, William Bryan, aliendesha gari la pili huku akirekodi kwa simu. Walidai walimshuku wizi, kwa sababu kamera za nyumba moja iliyokuwa ikijengwa ziliwahi kumwonesha akiingia humo na kuangaza macho. Hakuna kamera iliyomwonesha akitoka na hata msumari.

Kesi nyingi za mauaji huanza na swali la nani. Hii haikuwa na swali hilo. Polisi walipofika walimkuta aliyefyatua risasi yuko pale pale, na akawaeleza mwenyewe alichofanya. Kisha wote watatu wakarudi majumbani kwao. Mwendesha mashtaka wa kwanza alijitoa, kwa kuwa Gregory alikuwa mfanyakazi wa ofisi yake. Wa pili aliandika barua kwamba haoni msingi wa kumkamata yeyote, akiegemea sheria ya Georgia ya mwaka 1863, ya enzi za utumwa, iliyomruhusu raia kumkamata raia mwenzake. Kisha naye akajitoa. Tangu kifo zikapita siku 74 bila mtu kukamatwa. Mei 5 ile video ya Bryan ikatoka hadharani na dunia ikaiona. Mei 7 baba na mwana wakatiwa pingu, na Bryan akafuata wiki mbili baadaye.

Kilichobaki kujulikana ni kwa nini, na hilo ndilo swali ambalo mahakama nyingi hazina mazoea nalo.

Sheria ya jinai tuliyoirithi kwa Waingereza haijali sana sababu. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatamka kwamba msukumo uliomfanya mtu atende hauna uzito katika kuamua kama ana hatia, isipokuwa pale sheria yenyewe inaposema vinginevyo. Mama aliyeiba dawa amnyweshe mwanawe na kijana aliyeiba dawa akaiuze ni wezi wawili. Sababu zao zitasikilizwa baadaye, wakati wa kuomba huruma ya mahakama, hakimu akiwa na nafasi ya kuguswa au kutoguswa. Jinai ya chuki inaupindua utaratibu huo. Inaiingiza sababu ndani ya hati ya mashtaka, na upande wa mashtaka unatakiwa uithibitishe pasipo kuacha shaka, kama unavyothibitisha risasi na maiti. Risasi unaipeleka maabara. Sababu imo kifuani mwa mtu, na mwenye kifua ana haki ya kukaa kimya.

Ndiyo maana katika kesi ya kwanza, ile ya jimbo, mwendesha mashtaka Linda Dunikoski aliipita rangi kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Mbele yake alikuwa na baraza la raia 12, ambao tofauti na wazee wa baraza tuliowazoea sisi, hawamshauri jaji. Wao ndio wanaotamka hatia. Kumi na mmoja walikuwa Wazungu, mmoja mweusi. Dunikoski akawazungumzia magari, kona za barabara, dakika, na maneno ambayo washtakiwa wenyewe waliwaambia polisi siku ile. Gregory alikuwa amejisifu kwamba kijana yule alinaswa kama panya. Rangi aliigusa kwenye hotuba ya kufunga: walimvamia, alisema, kwa kuwa alikuwa mtu mweusi anayekimbia barabarani. Akapita.

Wapo waliomlaumu kwa ukimya huo. Mimi naona alicheza vizuri. Kwa shtaka la mauaji hakuhitaji kuthibitisha chuki, na mzigo usioulazimika kuubeba, ukiudondosha mbele ya baraza, unavunja na ule uliokuwa nao.

Halafu, kichekesho chenyewe, rangi ililetwa mahakamani na utetezi. Kevin Gough, wakili wa Bryan, alipomwona mchungaji Al Sharpton ameketi na familia ya marehemu alisimama akalalamika kwamba hawataki wachungaji weusi zaidi waje humo. Wiki iliyofuata mamia ya wachungaji weusi wakaujaza uwanja wa mahakama, wakiomba na kuimba. Katika hotuba za mwisho wakili mwingine wa utetezi alilieleza baraza habari za kucha za miguu ya marehemu, kwamba zilikuwa ndefu na chafu. Mama yake Ahmaud, Wanda Cooper-Jones, akainuka akatoka nje.

Novemba 24, 2021 wote watatu walipatikana na hatia ya mauaji. Baada ya ile dakika ya kimya ya Januari, Jaji Walmsley aliwapa baba na mwana kifungo cha maisha bila parole. Bryan alipewa maisha, na nafasi ya kuomba parole baada ya miaka 30. Yeye alikuwa na miaka zaidi ya 50, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe.

Mtu wa kawaida angelifunga jalada hapo. Watu watatu wamefungwa, wawili hawatoki wakiwa hai, kwa nini serikali iite mashahidi upya?

Sehemu ya jibu ni kwamba Georgia, siku Ahmaud anauawa, haikuwa na sheria ya jinai ya chuki. Ilikuwa nayo moja ya mwaka 2000, Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta mwaka 2004 kwa kuwa lugha yake haikueleweka inakataza nini. Baada ya video kuonekana bunge la jimbo liliamka usingizini, na mwezi Juni 2020 gavana akasaini sheria mpya. Sheria mpya hairudi nyuma. Ikabaki ya shirikisho, ya mwaka 1968, iliyosainiwa wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Hiyo inataka mambo mawili kwa pamoja: mtu adhuriwe kwa sababu ya rangi yake, na adhuriwe kwa sababu anatumia kitu cha umma, barabara kwa mfano. Kwa hiyo serikali ilibeba "kwa sababu" mbili katika shtaka moja. Mawakili walibishana hata kama ile barabara ya Satilla Shores ni ya umma.

Na hapa ndipo palipotokea jambo ambalo limenikaa kichwani kuliko mengine yote. Mwisho wa Januari 2022 waendesha mashtaka wa shirikisho walitangaza kwamba wameelewana na baba na mwana. Wangekiri, kwa midomo yao, kwamba walimkimbiza Ahmaud kwa sababu ya rangi yake. Na wao wangeanza kutumikia miaka 30 katika gereza la shirikisho badala ya magereza ya Georgia, ambayo yanaogopwa. Kwa mwanasheria huo ni ushindi mezani. Kifua kimefunguka chenyewe, sababu imetoka, hakuna wa kuitilia shaka.

Mama akakataa. Alikwenda mbele ya Jaji Lisa Godbey Wood akamwomba asiupokee mpango ule. Alichokuwa anakiona yeye ni kwamba waliomuua mwanawe wanachaguliwa pa kulala. Jaji akaukataa mpango, na washtakiwa wakarudi kwenye kukana. Serikali ikalazimika kwenda kuithibitisha sababu ile ile iliyokuwa imeahidiwa bure.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nabadilisha upande. Kuna siku namwona mama amecheza kamari na kitu alichokitaka zaidi. Siku nyingine naona kwamba ungamo la kununuliwa lina bei, na ni yeye peke yake aliyekuwa na haki ya kusema bei hiyo ni kubwa mno.

Kesi ya shirikisho ilisikilizwa Februari, mji ule ule wa Brunswick, safari hii bila kamera, kwa kuwa mahakama za shirikisho hazipigwi picha. Ushahidi mkubwa ulitoka kwenye simu. Mchambuzi wa FBI alikaa kizimbani akasoma, moja baada ya nyingine, jumbe za miaka kadhaa. Travis alikuwa akilitumia neno lile linaloanza na herufi N kama sisi tunavyotumia "bwana" katikati ya sentensi. Aliandika chini ya video mitandaoni, akawaandikia rafiki zake. Bryan, siku chache tu kabla ya mauaji, alikuwa akimwaga matusi kwa sababu binti yake ana uhusiano na kijana mweusi. Na kila mwaka ilipofika sikukuu ya Martin Luther King alibadilishana na mwenzake mizaha ambayo gazeti hili halitaichapa. Simu ya Gregory ilikuwa imefungwa kwa namna ambayo FBI walishindwa kuifungua. Kwake wakaleta shahidi, mwanamke aliyesimulia alivyomsikia mwaka 2015 akibwata dhidi ya watu weusi baada ya kutajwa kifo cha Julian Bond, mpigania haki za raia. Shahidi mwingine, aliyewahi kufanya kazi chini ya Travis katika kikosi cha walinzi wa pwani mwaka 2011, alieleza jina alilomwita alipojua kwamba aliwahi kuwa na mpenzi mweusi.

Ukiuangalia ushahidi huo kwa jicho baridi, una tundu, na utetezi ulilitia kidole. Hakuna ujumbe hata mmoja uliomtaja Ahmaud. Wakili wa Travis, Amy Lee Copeland, aliliambia baraza kwamba maneno ya mteja wake ni ya kuchukiza, lakini hapakuwa na ushahidi kwamba alimzungumzia marehemu kwa lugha ya rangi. Je, mbaguzi akimuua mtu mweusi, lazima iwe amemuua kwa ubaguzi? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria atakujibu hapana, na atakuwa sahihi. Lazima kuwe na uzi unaotoka kwenye ile simu hadi kwenye ule mchana wa Jumapili.

Uzi walioushona waendesha mashtaka ulikuwa wa kawaida kabisa: watu hawa hawakujua chochote kuhusu kijana yule isipokuwa walichokiona kwa macho. Bryan alikiri kwamba hakuwa na habari amefanya nini. Aliona mtu mweusi anakimbia na gari la jirani linamfuata, akachukua ufunguo wa gari. Kitu gani kilijaza pengo kati ya kuona na kukimbiza? Baraza la safari hii lilikuwa na Wazungu wanane, weusi watatu na mmoja wa asili ya Amerika ya Kilatini. Walijadiliana kwa saa chache. Februari 22, 2022, siku moja kabla ya kutimia miaka miwili tangu mauaji, wakatamka hatia kwa kila shtaka. Agosti, Travis aliongezewa maisha na miaka kumi, Gregory maisha na miaka saba, Bryan miaka 35. Wakaomba tena kufungwa gereza la shirikisho, wakisema watauawa katika magereza ya jimbo. Jaji Wood akasema hapana.

Niliposimulia haya kijiweni, rafiki yangu mmoja, wakili, aliruka juu: "Yaani Wamarekani wanaolinda uhuru wa maneno kama mboni ya jicho, wanamfunga mtu kwa meseji?" Swali zuri, na majaji wao wamelipitia. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria ndogo ya mji wa St. Paul iliyotumika kumshtaki kijana aliyechoma msalaba kwenye uwanja wa familia ya watu weusi; sheria ile, walisema, inachagua maneno ya kukataza. Mwaka mmoja baadaye ikaja kesi kutoka Wisconsin. Kundi la vijana mjini Kenosha, Oktoba 1989, walikuwa wakizungumzia filamu kuhusu ubaguzi wa kusini mwa Marekani. Mmoja akawauliza wenzake kama wana hamu ya kuwapiga Wazungu. Wakamwona mtoto wa Kizungu anapita, wakampiga hadi akapoteza fahamu kwa siku nne. Aliyewachochea alikuwa mweusi. Adhabu ambayo kikomo chake kingekuwa miaka miwili ikawa minne, kwa kuwa mlengwa alichaguliwa kwa rangi yake. Juni 11, 1993 majaji wote tisa waliafiki. Maneno yenyewe si kosa, walisema, lakini hakuna kinachozuia kuyatumia kuonesha kwa nini pigo lilipigwa. Napenda kuwakumbusha watu kwamba kesi iliyoweka msingi huo ilimhusu mshtakiwa mweusi na mhanga Mzungu. Wanaosema sheria hizi zilitungwa kulinda upande mmoja huwa hawaijui.

Huku kwetu tumeanzia upande wa pili. Sisi tunashitaki mdomo. Tanzania mtu anayetoa maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini ya mwenzake anaweza kufungwa mwaka mmoja. Kenya, baada ya damu ya 2007 na 2008, ilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na matamshi ya chuki ya kikabila yakawekewa faini ya hadi shilingi milioni moja au miaka mitatu jela. Arusha, Desemba 3, 2003, mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda iliwatia hatiani watu watatu wa redio na gazeti ambao hawakulazimika kushika panga. Anayejua redio ile ilivyofanya kazi mwaka 1994 hawezi kuucheka mfumo huu. Ila una udhaifu wake, na Wakenya wanaukumbuka: Juni 2016 wanasiasa wanane wa pande zote mbili walilazwa seli za kituo cha Pangani kwa matamshi ya chuki, na walipotoka walikuwa wanaitana ndugu mbele ya kamera. Anayesema jukwaani hukamatwa kwa mbwembwe. Aliyechoma duka la jirani kwa sababu ya kabila lake, akibahatika kukamatwa, hushtakiwa kwa kuchoma duka.

Je, ina tofauti, ikiwa kifungo ni kile kile? Hapo nakwenda North Carolina, kwenye kesi ambayo sababu haikupatikana.

Februari 10, 2015, katika mji wa Chapel Hill, waliuawa vijana watatu Waislamu ndani ya nyumba. Deah Barakat, miaka 23, alikuwa anasomea udaktari wa meno. Mkewe Yusor, 21, alikuwa ameshakubaliwa katika chuo hicho hicho. Walikuwa wameoana Desemba, hata miezi miwili haijatimia. Razan, mdogo wake Yusor, alikuwa na miaka 19. Dada wote wawili walivaa hijabu. Muuaji alikuwa jirani, na alijisalimisha mwenyewe. Kesho yake polisi wakatangaza kwamba uchunguzi wa awali unaonesha ugomvi wa maegesho ya magari.

Familia hazikukubali. Baba wa wasichana, daktari, alisema binti yake aliwahi kumlalamikia kwamba jirani yule anawachukia kwa vile walivyo na wanavyoonekana. Lakini tazama mwendesha mashtaka alikuwa na nini mkononi. Jirani yule aligombana na watu wengi kuhusu maegesho, wa kila aina. Mtandaoni alitukana dini zote, Ukristo ukiwemo. Sheria ya chuki ya North Carolina ilihusu makosa madogo, si mauaji. Serikali ya shirikisho haikufungua mashtaka. Juni 2019 mtu yule alikiri mauaji matatu, akapewa vifungo vitatu vya maisha, kimoja juu ya kingine, bila parole. Neno "chuki" halikuwemo katika alichokiri.

Mkuu wa polisi wa mji aliomba radhi kwa taarifa ile ya mwanzo, na kusema kwamba aliyeua aliua kwa moyo wa chuki. Lakini taarifa ya mkuu wa polisi si hukumu. Ukienda kutafuta leo, utakuta watu wanaosema "wale vijana wa maegesho".

Mahakamani Durham, siku muuaji alipokiri, walichezesha video aliyokuwa ameirekodi Deah kwa simu yake alipokwenda kufungua mlango. Ni fupi. Anaonekana jirani amesimama, analalamika kuhusu magari. Deah anamjibu kwa upole, kisha inasikika milio. Mwendesha mashtaka aliieleza mahakama kwamba mchana ule hakuna hata gari moja la vijana wale lililokuwa kwenye nafasi yake.